Seva ya nyumbani imezeeka: tubadilishe nini?

Kabla ya kununua mashine mpya, tafuta kwanza kinachokwama. Seva ikiwa na kazi nyingi, endesha htop (huonyesha kazi ya prosesa na RAM) na iostat -x (huonyesha kazi ya diski). Prosesa ikiwa imepumzika huku diski iko asilimia 100, prosesa mpya haitasaidia kitu. Hamishia mfumo kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM isipotosha) ikijaa kila mara, ongeza RAM.

Kisha soma hali ya diski kwa smartctl -a /dev/sda. Reallocated_Sector_Ct (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na Current_Pending_Sector (zinazoshukiwa kuwa mbovu) zikiendelea kupanda, badilisha diski hiyo leo, usingoje. Na tafadhali, RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja kama moja) si nakala rudufu: faili ikifutwa kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote.

Hoja nzito kwangu ni umeme. Wati 80 usiku na mchana ni kama kilowati-saa 700 kwa mwaka. Kompyuta ndogo ya wati 15 hutumia kama 131 tu. Pima kwa mita ya kuchomeka ukutani. Namba ya kwenye pawasaplai ni kikomo chake, si matumizi.

Saa ikipotea kila umeme unapokatika? Hiyo ni betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imeisha tu.