Utafiti uliobadilisha dakika tano za kwanza za kipindi changu

Nafundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa kigeni katika chuo kikuu, na kwa muda mrefu nilifuata ushauri niliopewa nilipoanza kazi: kwamba tafiti ni za kupandia cheo, darasani uzoefu watosha. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu walioulipia ni wanafunzi wangu, waliojaza madaftari maneno ambayo hayakudumu vichwani.

Kilichonizindua ni utafiti wa wanasaikolojia Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science, na uliotumia jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Baada ya wiki moja, walioendelea kujipima hata kwa maneno waliyokwisha kuyapata walikumbuka takriban asilimia 80. Walioyaondoa maneno hayo kwenye majaribio, hata waliozidi kuyasoma, walikumbuka kama theluthi moja. Wenyewe walikuwa wametabiri kwamba wangekumbuka nusu hivi, bila tofauti kati ya kundi na kundi.

Nikalivamia jambo hilo kwa pupa. Kila Ijumaa nikatoa jaribio la maneno 20, lenye alama. Wanafunzi wakawa wanakesha Alhamisi, alama zikapanda, nami nikafurahi. Lakini nilipoyarudia maneno ya mwanzo wiki kadhaa baadaye, darasa zima lilikaa kimya. Nilikuwa karibu kukiri kwamba waliosema uzoefu watosha walikuwa na haki. Ndipo nikarudi kusoma sehemu ya mbinu, ambayo mara ya kwanza niliipitia juu juu, nikaliona kosa langu: mimi nililipima kila neno mara moja na kuliacha, ilhali nguvu yote ilikuwa katika kulipima tena na tena.

Sasa kila kipindi huanza na karatasi tupu. Kwa dakika tano, madaftari yakiwa yamefungwa, kila mmoja huandika anachokumbuka cha kipindi kilichopita, cha wiki iliyopita na cha mwezi uliopita, kisha husahihishana na jirani yake. Sikusanyi karatasi wala sitoi alama. Hofu iliyowafanya wakeshe imekwisha. Kuandaa orodha za maneno kulinichukua jioni mbili tatu tu.

Jambo moja nililiongeza mwenyewe, na ninalionea fahari. Utafiti ule ulihusu maneno yaliyo peke yake, nje ya sentensi, na Kiswahili hakisemwi hivyo: wanafunzi wangu walilikumbuka neno "mashua" vizuri, lakini wakasema "mashua kimefika". Kwa hiyo kila neno sharti liandikwe ndani ya sentensi yenye upatanisho wa ngeli, tena kwa umoja na kwa wingi. Mwalimu anayetaka kuiga asiyanakili matokeo; asome kwanza walifanya nini hasa, kisha aitazame lugha yake.

Karibu na mwisho wa muhula, mwanafunzi mmoja aliandika "mashua kimefika", akasita, akakifuta kiambishi kabla jirani yake hajasema neno, akaandika "imefika", kisha chini yake: "mashua zetu mbili zimefika".