Haba na haba: kumbukumbu ya sauti yangu, wiki ya 1 hadi ya 19

Wiki ya 1. Nimejirekodi kwa simu nikiwa chini ya blanketi, maana ukuta wa bedsitter hii ni kama karatasi. Jirani akipiga chafya namwambia afya. Nimesoma methali mbili: "Mvumilivu hula mbivu" na "Haba na haba hujaza kibaba". Rekodi nimeitia kwenye Praat, programu ya bure ya kuchunguza sauti iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Wastani umetoka Hz 114, yaani nyuzi za sauti zinatetemeka mara 114 kwa sekunde; namba ikipanda, sauti inakuwa nyembamba. Wanaume wengi huzungumza kati ya Hz 85 na 155 hivi, na wanawake kati ya 165 na 255. Niko katikati kabisa ya kundi nisilolitaka.

Mimi ni mwanamke trans, yaani nilipozaliwa nilihesabiwa mvulana, naishi Nairobi, mwaka wa pili kwenye homoni. Ngozi imeitikia, sauti imekataa, na haitaitikia kamwe: testosteroni, homoni ya kiume, ikishanenepesha nyuzi za sauti wakati wa kubalehe, estrojeni, ile ya kike, haizirudishi zilivyokuwa. Mtaalamu wa kulipa kila wiki simwezi. Kwa hiyo kuifunza sauti hii isikike ya kike ni kazi ya mimi, simu na mrija wa soda.

Wiki ya 3. Nimefika Hz 190! Nikajipongeza mpaka niliposikiliza rekodi. Ni mwanamume anayemuigiza shangazi yake kwenye vichekesho vya runinga. Nikapiga simu ofisi moja kuulizia bili, kwa sauti hiyohiyo nyembamba, na yule dada wa upande wa pili akaniaga vizuri sana: "Karibu tena, bwana."

Wiki ya 4. Hakuna mazoezi. Koo linauma, nimekwaruza. Nilikuwa nakaza shingo kama mtu anayebeba gunia. Siku 5 za kunyamaza, maji mengi, halafu mrija: unautia kwenye glasi ya maji na kuvuma "uuu" mapovu yakitoka, dakika 3 asubuhi na 3 jioni. Inalegeza koo ajabu. Sheria mpya: likiuma, nasimama hapohapo.

Wiki ya 6. Nilikuwa nafukuza kitu kisicho chenyewe. Wembamba wa sauti, yaani hizo Hz, ni nusu ya habari, pengine hata nusu haifiki. Sikiliza jerikeni likijazwa maji bombani: mwanzoni linavuma nzito, na kadiri nafasi inavyopungua mlio unapanda. Koo langu ni jerikeni tupu. Nyuzi zikitetemeka haraka namna gani, mvumo wake bado ni wa chombo kikubwa. Kwa hiyo kazi ni kupunguza nafasi, yaani kuliinua koromeo kidogo na kuusogeza ulimi mbele.

Zoezi ni la kuchekesha. Unahema kama mbwa mkubwa, "haa, haa", bila sauti, kisha unambadilisha awe mbwa mdogo. Bila sauti huwezi kudanganya kwa kupandisha tu. Unasikia chombo chenyewe kikipungua. Halafu naanza na "i", maana "i" yenyewe inalipeleka koromeo juu na ulimi mbele, na polepole naigeuza iwe "a" bila kuruhusu kitu kishuke. I-i-e-e-a. "U" ni adui. Imebadilisha zaidi kuliko wiki zote zilizotangulia, na niko Hz 165 tu.

Wiki ya 9. Hili sikulisoma popote, nimelikuta kwa kidole. "Mvumilivu hula mbivu" ilikuwa inatoka vizuri ingawa imejaa "u", lakini "Haba na haba hujaza kibaba" inanirudisha wiki ya 1 kila mara. Nikaweka kidole kwenye koromeo nikasema "haba". Likashuka. "Dada". Likashuka. "Ndama". Limetulia. Jaribu mwenyewe: "bali", kisha "mbali". "B" na "d" zetu za Kiswahili zikisimama peke yake tunazitamka kwa kuvuta koromeo chini kidogo. Zikitanguliwa na "m" au "n", hapana. Maelekezo yote niliyokuwa nafuata yametungwa kwa Kiingereza, na "b" ya Kiingereza haina tabia hiyo.

Bila shaka wanawake wengi wanasema "haba na haba", na koromeo lao linashuka vilevile. Tofauti ni kwamba linarudi. Langu likishuka linakaa huko kama mgeni aliyepewa chai. Basi wiki mbili nzima ni "baba, dada, bibi, debe", kidole kooni, nikilifundisha kurudi kabla irabu haijaisha. Neno "dada" nimelirudia zaidi ya yote, na hapo sina haja ya kueleza.

Wiki ya 14. Hz 178, bila maumivu. Asubuhi kabla ya chai bado ni nzito. Nikikasirika, inashuka yote. Muuza mboga ananiita kastoma, na kastoma hana jinsia, kwa hiyo hapo sijapata matokeo.

Wiki ya 19. Mtu wa boda aliyeniletea mzigo amepiga simu. Hajawahi kuniona. Nikamwelekeza: geti jeusi, pita kibanda cha chapati. Akasema, "Sawa madam, niko hapo dakika mbili."

Nikacheka. Kwa furaha, wallahi, sikujizuia. Kicheko kikatoka tumboni, Hz 110 kamili, kicheko cha marehemu babu. Simu ikanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ni huyu mwenyewe bado?"

Mzigo nimepokea. Kuanzia Jumatatu narekodi vicheko: naanza na mbwa mdogo, naongeza sauti kidogokidogo, na kikohozi kitafuata zamu yake.