Nilivyojifunza fohendi kwa video na ukuta

Makocha wa tenisi hapa Dar wapo, ila ukijumlisha malipo ya kocha na ada ya uwanja, mshahara wangu haufiki mbali. Nilikuwa na raketi ya mtumba, mipira iliyochoka niliyopewa bure, na ukuta mrefu nyuma ya nyumba tunayopanga. Mwalimu nikamtafuta YouTube.

Video za fohendi, yaani pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, ni nyingi, na walimu wenyewe hawapatani. Nilichagua mmoja asiyeongea sana, nikapakua video zake chache ili bando lisiishe, wengine nikaachana nao.

Nilianza na mshiko. Mpini wa raketi una pande nane. Ukiisimamisha raketi kwa ubavu, upande wa juu kabisa ndio wa kwanza, na mtu wa mkono wa kulia huhesabu kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kifundo cha chini cha kidole cha shahada kikikaa upande wa nne, huo ndio mshiko wa semi-westeni, unaotumiwa na wachezaji wengi wa siku hizi. Niliweka alama ya kalamu pale, na jioni nikiangalia taarifa ya habari nilikuwa naizungusha raketi na kuishika upya bila kuitazama.

Kazi kubwa ilikuwa mkono wa kushoto. Kwenye video kila mtu hutazama raketi, lakini ukipunguza mwendo hadi robo utaona mkono mwingine haujalala. Unashika shingo ya raketi wakati mabega yanageuka, kisha unanyooka sambamba na wavu. Ndio unaolazimisha bega la kushoto lielekee mpira. Bila huo unapiga kwa nguvu ya mkono mmoja peke yake na kiwiko kinauma. Nilirudia kugeuka tu, bila mpira, mpaka watoto wa jirani wakaanza kuniigiza.

Raketi ikiwa nyuma, uso wake, yaani upande wa nyuzi unaopiga mpira, unatakiwa kutazama chini. Walimu wa Kimarekani husema ufanye kama unampapasa mbwa kichwani. Mimi nilifikiria kufunika sufuria, nikaelewa haraka zaidi. Kutoka hapo raketi inashuka chini ya mpira na kupanda, inaugusa mbele ya mwili uso ukiwa wima, na kuusugua kwenda juu. Msuguo huo ndio unaoufanya mpira uzunguke kwenda mbele, upite juu ya wavu kisha udondoke ndani.

Nadal, bingwa wa zamani wa tenisi, nilimtazama kwa raha tu. Alicheza kwa mkono wa kushoto, na ule umaliziaji wa kuzungushia raketi juu ya kichwa si wa kuiga ukiwa unaanza. Kwa Federer, bingwa mwingine wa zamani, nilichukua kitu kimoja: kichwa chake kilibaki pale mpira ulipogongwa, hata ukishaondoka.

Ukutani nilichora mstari wa chaki sentimita 91, kimo cha wavu katikati, na mwingine karibu mita moja juu yake. Lengo likawa kupiga kati ya mistari hiyo. Simu niliiegemeza kwenye ndoo, siku nyingine ubavuni kuona nagusa mpira wapi, siku nyingine nyuma kuona njia ya raketi. Kila mazoezi nilikagua jambo moja tu.

Fohendi ikatulia. Lakini ukuta hurudisha mpira palepale uliposimama, na video haikuoni, kwa hiyo nikalipia saa moja ya kocha. Alitazama mapigo machache, akasema, "Mkono uko vizuri, kaka. Sasa miguu!" Akanirushia mipira mifupi, mirefu, ya kunifuata mwilini, na kila nilipochelewa alisema, "Hatua ndogondogo." Siku hizi namlipa mara moja kwa mwezi kwa ajili ya miguu peke yake, na katikati ya mwezi namtumia vipande vya video kwa WhatsApp. Hujibu kwa sauti, kwa kawaida neno moja: "Umechelewa."