Nilivyolipanga upya jedwali la kazini kwa Stylus na skripti yangu

Kazi yangu yote iko ndani ya brauza, nashinda kwenye jedwali moja la oda za wateja, na aliyelitengeneza kalibana katikati ya skrini huku na huku kumebaki weupe mtupu, maandishi ya kijivu hafifu hadi macho yanauma, alafu pembeni kuna paneli ya matangazo haina pa kuifungia. Tuliomba irekebishwe, tukaambiwa ombi limepokelewa, basi ikawa kimya. Nikaona nibadilishe upande wangu mwenyewe. Hiki ni kitu natamani kila anayefanyia kazi kwenye brauza akijue: ukurasa ukishafika kwenye mashine yako unachokiona ni nakala, na hiyo nakala unaipanga unavyotaka bila kugusa seva ya mtu.

Nilianzia kwenye Inspect. Unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya ile paneli, unachagua Inspect, HTML na CSS za ukurasa, yaani muundo wake na mwonekano wake, zinafunguka. Ukiiandikia display: none inapotea hapo hapo, jedwali ukilipa max-width: none linatanuka skrini nzima, raha kabisa. Ila ukirifreshi tu vyote vinarudi vilivyokuwa, kwa hiyo nikaweka Stylus, ekstensheni (kiprogramu cha kuongeza kwenye brauza) inayotunza CSS yako, nikabandika CSS ile ile na kuiambia ifanye kazi kwenye anwani hiyo peke yake. Pale CSS ya tovuti inapoishinda ya kwako ongeza !important. Kama shida yako ni mwonekano tu ishia hapa, huna haja ya skripti.

Mimi nilitaka zaidi, nilitaka kila mstari uwe na kitufe kidogo cha kunakili namba ya oda na jina la mteja kwa pamoja, maana hiyo kopi na pesti ndo inakula muda. Hapo ni JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende kitu, na ekstensheni ya kuiendesha skripti yangu nilichagua Violentmonkey kwa sababu kodi yake iko wazi kwa yeyote kuisoma, ingawa Tampermonkey nayo ni nzuri na mkongwe wao wote ni Greasemonkey ya Firefox, tangu 2005. Kama unatumia Chrome, matoleo ya sasa yanataka uingie kwenye mipangilio ya Tampermonkey uwashe ruhusa ya skripti za mtumiaji, usipowasha skripti haifanyi kazi hata kama unaiona iko oni, na watu wengi wanakwama hapo hapo.

Kazi yenyewe iko kwenye muda. Ukurasa unakuja kwanza mtupu, data zinafuata baadaye, kwa hiyo skripti inaamka inatafuta mistari haipo. Wengi wanaweka setTimeout ya sekunde kadhaa, mimi siipendi, maana intaneti ikiwa nzito bado utakosa na ikiwa nyepesi unasubiri bure. Kinachofaa ni MutationObserver, yenyewe inakaa inauangalia ukurasa na kila kitu kipya kikiongezwa inakuita. Lakini kila mstari uliokwishaupa kitufe lazima uuwekee alama, mimi naweka data-tayari, kwa sababu kuongeza kitufe nako ni mabadiliko, observa inakuita tena, unaongeza tena, vitufe vinajazana bila mwisho mpaka tabu inaganda. Na uzuri mwingine, tovuti nyingi za siku hizi ukihamia ukurasa wa pili hazilodi upya, kwa hiyo skripti haianzi upya, ila observa ikiwa kwenye body mistari mipya inaiona tu.

Jingine la kuangalia ni majina ya klasi, yale ya kwenye HTML ambayo skripti inayatumia kukitafuta kitu. Ukikuta klasi ina herufi na namba zisizo na maana usiitegemee, toleo jipya likitoka inabadilika na skripti inakufa. Mimi naanza na alama nyingine za HTML kama aria-label au zinazoanza na data-, zikikosekana natafuta safu kwa maneno ya kichwa chake, hayo hayabadiliki ovyo. Kwenye CSS pia kuna :has(), inakuwezesha kuficha boksi kwa kuangalia kilichomo ndani yake, na tangu Firefox 121 mwishoni mwa 2023 brauza kubwa zote zinayo.

Usalama usiuchukulie poa. Skripti inaona kila unachokiona kwenye ukurasa na kila unachoandika, paswedi ikiwemo, na ndo maana kazini niliomba ruhusa kwanza. @match yangu, yaani kurasa ambazo skripti inafanya kazi, ni anwani moja tu, @grant, yaani ruhusa za ziada inazopewa, ni none, na skripti ya mtu siiweki kabla sijaisoma yote. Mwaka 2018 Stylish, ekstensheni ya kazi kama ya Stylus, iliondolewa kwenye stoo za Chrome na Firefox baada ya kugundulika inakusanya historia ya kurasa wanazotembelea watu, na Stylus ninayoitumia ni tawi lililotoka kwenye kodi ya hiyo Stylish, bila huo ukusanyaji.

Kwenye simu ya Android natumia Firefox, Violentmonkey inaingia na skripti ni ile ile, nilichoongeza ni @media kidogo, yaani CSS ya skrini ndogo tu, ya kuficha safu nisizozihitaji ili namba na jina vikae bila kuskroli pembeni.