Nairobi hadi New York: ninavyopiga hesabu ya umbali na muda wa ndege

Kwa njia fupi kabisa ya angani, Nairobi na New York zimeachana kama kilomita 11,840. Namba hii huwezi kuipata kwa kuweka rula juu ya ramani ya ukutani, maana ramani bapa huzitanua nchi za kaskazini. Mimi hukaza uzi juu ya tufe. Uzi unatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, unapita Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, Niger, Algeria na Moroko, ndipo unaingia Atlantiki. Marubani hawaufuati kila siku. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 anga yake ilifungwa, na Agosti mwaka huohuo Niger nayo ikafunga yake kwa wiki kadhaa. Kuzunguka huko kunakula mafuta na dakika.

Muda naanza kwa kugawa: ndege kubwa huenda kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo saa 13 na dakika 10 hewani. Naongeza nusu saa ya kutembea ardhini, kupanda na kushuka. Bado upepo. Juu kabisa, kwenye latitudo za kati, upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa miezi ya baridi ya kaskazini. Ukikukabili kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, mwendo unabaki 840 na safari inafika saa 14 na nusu. Kurudi unakusukuma, ndiyo maana marejeo huwa mafupi.

Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8. Ugumu wa njia hii haupo kwenye umbali tu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,620 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupungukiwa nguvu, na ndege iliyojaa mafuta inaweza kulazimika kupunguza mzigo. Usiku wenye baridi husaidia kidogo.

Kwa safari ya kuunganisha, najumlisha vipande. Kupitia Amsterdam ni kama 6,670 na 5,850, jumla 12,520: mchepuko mdogo. Kupitia Dubai ni 3,550 na 11,020, jumla 14,570. Hizo ni saa tatu za ziada hewani kabla hujahesabu kukaa uwanjani, kwa hiyo nauli yake lazima iwe nafuu kweli.

Saa za kwenye tiketi ni za mji husika. Ukiona kuondoka 23:25 (saa tano na dakika 25 usiku) na kufika 06:25, tofauti ni saa 7. Ongeza 8 za majira, maana saa za Nairobi ziko mbele ya za New York, upate safari ya saa 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba, ongeza 7 tu, kwa kuwa Marekani husogeza saa na Kenya haisogezi. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, uwe uwanjani jioni ya tarehe 14.