Safari ya Erriff: kungoja mvua ili samaki wapande

Watu wakisikia unaenda Mayo, magharibi ya Ireland, mwezi wa saba wanakuombea jua, sisi tuliokuwa tunakwenda kuvua samoni na trauti mto Erriff tulikuwa tunaomba mvua, na si manyunyu, mvua ya kupiga milimani usiku kucha. Mito mingi ya magharibi ya Ireland ni mifupi, inatoka mlimani na kumwaga baharini baada ya kilomita chache tu, kwa hiyo kukiwa kavu unakuta mawe na maji ya kifundo cha mguu, na samaki wako baharini wanangoja. Mvua ikipiga mto unapanda ndani ya masaa machache, maji yanakuwa kama chai ya rangi kwa sababu ya ule udongo mweusi wa mabwawa ambao wenyeji wanauchimba, wanaukausha na kuuchoma kama kuni, alafu kufika kesho yake yameanza kushuka. Ni pale yanaposhuka na kuanza kung'aa ndo unavua. Ukichelewa nusu siku imekupita.

Tulipanda treni ya Westport pale Heuston, Dublin, mimi na rafiki yangu wa Nyeri ambaye tunafanya naye kazi. Yeye kakulia karibu na mito ya Aberdare yenye trauti, mimi ni mtu wa Mombasa, nimekua na mshipi wa mkono na habari za bamvua, yale maji ya bahari yanayojaa na kutoka kuliko kawaida mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na elimu yake, na nitawaambia mbele kwa nini hilo lilitusaidia. Treni ilijaa watu na fimbo za kutembelea. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba Wakatoliki wanapanda mlima Croagh Patrick, mita 764, wengine miguu mitupu juu ya mawe yale makali, na sisi na mifuko yetu ya fimbo za kuvulia tukadhaniwa mahujaji. Nilipenda sana ile treni, watu wanagawana sandwichi na hadithi za mlima mwanzo mpaka mwisho.

Kutoka Westport unashika barabara ya kwenda Leenane, na nusu ya pili yote mto Erriff unakwenda na wewe, milima huku na huku, kondoo barabarani, nyumba moja moja. Mwisho wa bonde kuna maporomoko ya Aasleagh, mto unajimwaga pale moja kwa moja kwenye Killary, mkono wa bahari ulioingia ndani kama kilomita 16 kati ya milima, upande mmoja Mweelrea, mita 814. Ukitazama Killary unaona mistari ya maboya, ni kamba za kufugia kome.

Tulifika mto ukiwa chini kabisa. Tukaenda kusimama Aasleagh, maji membamba tu yanateleza juu ya jabali, na chini, kule maji ya chumvi yanapokutana na maji matamu, mara kwa mara samoni anaruka mzimamzima na kurudi kwa kishindo. Wako pale, unawaona, na hawapandi. Sili, wale wanyama wa baharini wanaokula samaki, nao wanajua, kichwa kimoja kilikuwa kinatokea na kuzama palepale kila baada ya muda. Hapo ndo nikaangalia jedwali la maji kwenye simu, nikamwambia mwenzangu bamvua inakuja karibu na wikendi, mvua ikikutana na bamvua hawa watapanda kwa kundi. Mzee mmoja anayeongoza wavuvi mto ule akanisikia nikimweleza mwenzangu, akauliza nimejuaje, nikamwambia kwetu mvuvi asiyejua bamvua na maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, harudi na samaki. Basi kuanzia hapo tukawa marafiki.

Mambo ya vibali nitayapitisha haraka. Kuna leseni ya serikali ya samoni, unapewa na daftari la kuandika kila samaki na lebo za kumfunga yule unayeruhusiwa kumchukua, alafu unalipia siku kwenye kipande chako cha mto. Erriff inasimamiwa na Inland Fisheries Ireland wenyewe. Samoni wa fimbo ni marufuku kumuuza, na trauti wa baharini huku magharibi hachukuliwi, anarudishwa majini mzima. Mimi naziunga mkono sheria zote hizi, hata zingekuwa kali zaidi ningeziunga mkono.

Siku za kungoja ndo nilizofundishwa zaidi. Yule mzee alikuwa anatupitisha kingoni, anaonyesha jiwe hili samoni anapumzika nyuma yake maji yakiwa juu, kilindi hiki ni cha trauti jioni, na katikati ya maelezo anaingia kwenye historia. Samoni anazaliwa mtoni, anakaa miaka miwili hivi, kwenye mwezi wa nne na wa tano anateremka baharini akiwa na urefu wa kiganja, anakwenda mpaka pande za Faroe na Greenland, kisha anarudi mto uleule. Miaka ya 1970 walikuwa wanarudi Ireland zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka, siku hizi hawafiki 300,000. Nyavu za kuelea baharini zilipigwa marufuku kuanzia 2007 na bado idadi haijapanda vile watu walivyotarajia, bahari yenyewe imebadilika. Ila aliyemuuma mzee roho ni trauti wa baharini. Mwaka 1989 mito ya Mayo na Galway trauti walirudi mapema mno, wamekonda, mwili umejaa chawa wa baharini mpaka ngozi imeliwa, na wengi hawakurudi kabisa. Wavuvi na watafiti wengi walinyooshea kidole vizimba vya kufugia samoni vilivyokuwa vimewekwa kwenye hori hizo, wafugaji wakakataa, na ubishi ule haujaisha mpaka leo. Mzee alisema kabla ya hapo usiku wa mwezi wa saba ulikuwa husikii kitu ila trauti wanaruka. Alikuwa anaangalia maji anaposema, na mimi nikawaza Bamburi na Nyali, na wazee wetu wanavyozungumza habari za tafi na changu wa zamani.

Mvua ikaja Ijumaa usiku na upepo wa kusini magharibi. Asubuhi Erriff ilikuwa mto mwingine, imejaa mpaka kwenye nyasi, Aasleagh inanguruma, na samoni wanajirusha juu ya maporomoko mmoja baada ya mwingine, wengine wanagonga jabali na kurudi, wanajaribu tena. Tulisimama pale bila fimbo karibu saa nzima, hata mzee naye, na yeye kayaona hayo maisha yake yote.

Mchana maji yakaanza kushuka. Hakuna chambo cha kuliwa hapa, ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na kitu hai, wanaiita nzi, na mzee alitupatia Cascade ya rangi ya chungwa kwa maji mekundu, na Bibio, nyeusi yenye wekundu katikati, iliyobuniwa hapohapo Mayo, Burrishoole. Unarusha kwa kuvuka mto, mkondo unaibeba na kuizungusha mpaka upande wako, unapiga hatua, unarusha tena. Na samoni akiingia mtoni hali chochote mpaka atage, kwa hiyo kwa nini anashika nzi hakuna anayejua kwa uhakika, wengine wanasema hasira, wengine mazoea ya baharini. Mzee alisisitiza kitu kimoja, ukisikia uzito usivute, mwache samoni ageuke na mshipi ajifunge mwenyewe. Mwenzangu alifanya hivyo hivyo, mshipi ukajaa, rili, lile gurudumu la mshipi, ikalia, na baada ya kukimbizana naye kilindi chote akamleta pembeni, samoni wa kama kilo 2 na nusu, mweupe kama fedha. Karibu na mkia alikuwa bado na chawa wenye mikia mirefu, ile ni dalili katoka baharini siku moja mbili hizi tu, maana maji matamu yanawaangusha. Tulimshika ndani ya maji, kichwa kimeelekea mkondo, mpaka akapiga mkia na kuondoka. Lebo ilikuwepo, hakutaka kuitumia.

Jioni ilikuwa zamu ya trauti. Upepo ulikufa, usubi wakatoka, wanaingia masikioni na puani, unafunga skafu na kuvumilia. Huyu ni tofauti kabisa na samoni, anapiga ghafla na usipokaza mshipi papo hapo keshatema. Wa kwanza wangu alikuwa mdogo, robo tatu kilo pengine, ila aliruka kuliko ukubwa wake. Nilimtazama vizuri kwenye wavu: magamba yanayobanduka ukiyagusa tu, madoa meusi mpaka chini ya mstari wa ubavuni, mkia ulionyooka mwishoni wakati wa samoni umegawanyika kama panda. Mwenzangu akaja kumulika na tochi, akasema huyu namjua. Na kweli anamjua, maana trauti wa mito ya Aberdare, waliotokana na mayai yaliyoletwa kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, na huyu aliyetoka Killary ni jamii ileile, tofauti ni kwamba huyu aliamua kwenda baharini kula na kurudi. Jamaa alibaki anamwangalia, ananiambia wa mto Gura, kule Aberdare, ni wa kahawia na wana madoa mekundu, lakini uso ni ule ule.

Jumapili alasiri mto ulikuwa umerudi kwenye mawe yake na tukafunga fimbo. Tumeshapanga mwakani tusikate tiketi za tarehe maalum, tuombe likizo inayosogezeka, mzee ameahidi kupiga simu mvua ikianza kuonekana, na safari hii tunataka kupanda juu mpaka ziwa la Tawnyard, kule trauti wanavuliwa kwa boti.