Leso yenye matundu matatu

Saa 12 asubuhi natoka Kisauni na mahamri mawili mkobani. Mbaazi leo nimezikosa. Matatu inakwama kabla ya Daraja la Nyali kama ada yake. Nashukia Buxton, nikimalizia njia kwa miguu.

Saa 2:15. Kazi yangu ni kuangalia nguo na kusema ziliharibikaje: zimekatwa, zimechanika, zimeungua au zimechakaa tu. Mjomba wangu husema mimi ni fundi aliyekosa cherehani. (Kesi ya leo nimeigeuza hapa na pale, msiitafute.)

Nafungua bahasha. Leso. Alhamdulillahi, kanga hii wameitia kwenye karatasi. Wiki jana nililetewa shati bichi ndani ya nailoni, na kwa joto hili la Mombasa likawa limeshaota ukungu. Na kuna hospitali moja iliyokata fulana ya majeruhi, makasi yakapita katikati ya tundu lenyewe. Walikuwa wakiokoa mtu, nawaelewa. Lakini ile fulana ilikuwa kubwa jamani!

Leso ina matundu matatu. Polisi wameandika “alichomwa mara tatu”. Daktari ameona jeraha moja. Mtuhumiwa naye asema ilinasa kwenye msumari wa mlango. Naikunja kama ilivyofungwa kiunoni, matundu yote yaangukiana. Pigo moja, tabaka tatu.

Saa 4, hadubini. Hapa ndipo siku inaponoga. Leso ni pamba, mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana), uzi mmoja juu mmoja chini, na ikichanika hupenda kufuata uzi. Ndiyo maana ukiitia makasi kidogo pembeni kisha ukaivuta, yagawanyika imenyooka. Msumari hunasa ukavuta, mara nyingi ukaacha pembe kama herufi L, na ncha za nyuzi huwa ndefu kwa fupi, zimetimka kama makumbi ya nazi. Hapa matundu mawili yamekwenda mshazari, yamepita mtande na mshindio bila kujali, ncha zote zimelingana. La tatu ndilo lenye vituko: milimita 14 za mkato safi, kisha milimita 30 za mchano uliofuata uzi. Kisu kilianza, mvuto ukamalizia. Bila shaka huo mchano ndio uliozaa hadithi ya msumari.

Saa 7:30, barabara ya Biashara. Natafuta leso ya uzito ule ule.

“Doti hii waitakani, binti? Ya harusi?”

“Ya kukatakata, ami.”

Ananitazama, kisha anatazama leso. Hanipunguzii hata shilingi.

Leso mpya ina wanga, ni ngumu, haikatiki kama iliyofuliwa mwaka mzima. Hii basi ni ya kufanyia mazoezi mkono. Ya majaribio yenyewe ninayo: leso huuzwa mbili mbili, na mwenyewe, ambaye yuaendelea kupona, ametuletea mwenzake. Zimevaliwa pamoja, zimefuliwa beseni moja. Zaidi ya hiyo sitapata. Alituma na neno kupitia kwa afisa: mkiikata, jina, yale maandishi yake, msiliguse.

Saa 9. Vitabu vya Ulaya husema utandaze kitambaa juu ya mnofu wa nguruwe. Mimi natumia sponji ya godoro na nyama ya ng'ombe kutoka buchani. Nachoma kwa kisu kilichookotwa, kisha kwa kingine cha jikoni cha upana huo huo, kisha navuta kwa msumari. Kila tundu napiga picha na rula kando yake. Visu vyote viwili vinatoa mkato wa sura moja. Msumari hautoi, hata nikiusukuma kwa hasira.

Saa 10:45 afisa anapiga simu.

“Madam, ni hiki kisu, sivyo?”

“Hiki kingeweza. Na kingine kama hiki pia kingeweza.”

“Mahakamani watasema hujui.”

“Waseme. Kwamba si msumari, hilo nalijua.”

Naandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Vipande nilivyokata vyote vimetoka kwenye mji, ile sehemu ya katikati, mbali na maandishi. Nakunja kilichobaki, jina juu, nakitia bahasha yake peke yake.